Mogaka na Baragumu Lisilo na Vitufe

Kwa miaka yote aliyokaa katika bendi ya jeshi Nairobi, Silvanus Mogaka hakuwahi kupiga wimbo. Baragumu alilipiga, tena sana, mpaka midomo ikabaki na alama ya duara isiyofutika. Lakini ukiisikiliza bendi ya gwaride kwa makini utagundua kwamba kila chombo kina kazi yake. Tarumbeta na klarineti ndizo zinazobeba wimbo. Tuba, lile dude linalomzunguka mtu kama chatu, linasema "um". Na baragumu, lile la shaba lililojikunja mviringo na kuishia kwenye mdomo mpana kama sahani, kazi yake ni kujibu "pa". Um-pa, um-pa, kutoka lango la uwanja hadi jukwaa la wakubwa, na kutoka jukwaani hadi langoni tena. Siku ya Madaraka, pa. Siku ya Jamhuri, pa. Akija mgeni wa heshima kutoka ng'ambo, pa.

Mara moja mama yake alisafiri kutoka Kisii kuja kumwona uwanjani. Gwaride lilipokwisha akamshika mkono, akamwuliza kwa upole, "Mmepiga vizuri, mwanangu. Lakini yako ilikuwa ipi?"

Mogaka akafikiri. Angemwonyesha nini? "Ile ya katikati, mama."

"Eeh, ya katikati. Niliisikia."

Wote wawili walijua kwamba hakuisikia.

Mwaka 2004 Mogaka alihamia Toronto na mkewe Lynette na mtoto wao Wayne, na baragumu halikuja, maana lilikuwa mali ya serikali. Akapata kazi Malton, kwenye ghala la mizigo ya ndege, akiendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, kwa zamu. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Katika ushirika wao wa Wakenya, watu walimjua kama Baba Wayne, yule mpole anayesinzia katikati ya mahubiri kwa sababu katoka kazini. Hata Wayne mwenyewe, aliyefika akiwa mdogo, aliamini kwamba jeshini baba yake alibeba bunduki. Siku alipoambiwa ukweli aliuliza kwa Kiingereza, "So you were in the army… but in the music?" Mogaka hakujua kama ameshuka cheo au amepanda.

Sasa, watu wengi wangeishia hapo. Unaacha kitu, unazeeka, unakisimulia kwenye harusi za watu. Lakini mwaka 2011 liliteremshwa kutoka kwenye ndege sanduku la mbao refu kama kitanda, limebandikwa vibandiko vya glasi ya mvinyo, alama ya kitu kinachovunjika, kila upande, na mwenye sanduku akaja ghalani kulichukua. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la manjano. Alilizunguka sanduku mara mbili, akalinusa (ndiyo, alilinusa), kisha akapiga simu.

"Mama, imefika. Ndiyo, nzima. Sijui, sijaifungua! Nitaifunguaje hapa, Mama, kwa meno?"

Mogaka aliyekuwa juu ya foklifti akacheka kabla hajajizuia. Yule mwanamke akageuka. "Umesikia?"

"Samahani, mama. Kiswahili hapa Malton nakisikia, lakini si kutoka kwa wenye mizigo."

Ndivyo alivyofahamiana na Nazira, mwalimu wa piano wa mtaa wa Don Mills, aliyezaliwa Mombasa katika familia ya Waismailia na kuletwa Kanada akiwa msichana. Ndani ya sanduku mlikuwa na piano iliyotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1840, wakati ambao hata Toronto yenyewe ilikuwa mji mchanga wa matope. Piano hiyo, Nazira alimweleza, haina fremu ya chuma kama za leo. Ni mbao tupu. Nyundo zake ndogo zimefunikwa ngozi. Nyuzi zake ni nyembamba, na sauti yake haivumi ukumbini, bali inakaa chumbani na watu.

"Na unapiga nini nayo?" Mogaka akauliza.

"Muziki wa sebuleni. Zamani hizo hapakuwa na redio wala santuri. Watu wa Paris na Vienna walialikana nyumbani, mmoja akakaa kwenye piano, mwingine akaja na chombo chake. Kuna vipande vingi sana vilivyoandikwa kwa piano na baragumu, vingine havijapigwa hata sijui tangu lini. Ila wa kunipigia baragumu sina."

Mogaka akazima foklifti.

*

Baragumu lenyewe lilikuwa kwa Mzee Feroz. Mzee huyu alikuwa rafiki wa miaka mingi wa mama yake Nazira, Bi Shamshad. Wote wawili ni wa Mombasa, mtaa mmoja. Hapa Toronto aliwahi kuwa na duka la saa na vitu vya kale. Alipostaafu akauza kila kitu isipokuwa vichache alivyovipenda, kimojawapo baragumu la shaba alilolinunua kwenye mnada Ulaya, lenye umri unaokaribiana na ule wa piano. Alikuwa amelifungia katika kabati la kioo. Kila Ijumaa alilifuta vumbi, ingawa vumbi halikuwa na pa kuingilia.

Siku ya kwanza Mogaka alipolishika alitafuta vitufe. Katika baragumu la bendi unabonyeza vitufe, hewa inapita njia nyingine, sauti inabadilika. Hili halikuwa na kitufe hata kimoja. Ni bomba tu. Hebu fikiria: bomba tupu, na ndani yake wimbo mzima! Sauti nyingine hutoka zenyewe, kwa kukaza na kulegeza midomo. Hizo ni sauti wazi. Zile zilizobaki hazimo. Lazima uzitafute kwa mkono wa kulia, ambao unautia ndani ya ule mdomo mpana na kuuziba, nusu au robo tatu au karibu wote, na kila ukiziba, sauti inasogea. Kwa hiyo mpigaji wa zamani alikuwa kama mtu anayeongea huku akijiziba na kujizibua kinywa, na bado anatakiwa aeleweke.

"Sitaweza," Mogaka alisema.

"Hujajaribu," Nazira akasema.

"Nimejaribu sasa hivi."

"Ile sauti ilikuwa yako? Nilidhani ni lori linarudi nyuma."

Mzee Feroz hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kochi la Nazira, fimbo katikati ya magoti. "Nitamwazima," akasema taratibu. "Lakini nisikilizeni. Yuko binti wa chuo kikuu, anasomea hasa vyombo hivi vya kale, ameniomba mara kadhaa. Anajua kuliko sisi sote. Bwana Mogaka, chukua ujifunze. Kabla ya baridi ya mwaka 2013 nitakuja nikusikilize humu humu sebuleni, penye watu. Nikiridhika, libaki kwako muda wote utakaolipiga. Nisiporidhika, linakwenda kwa yule binti, na tusilaumiane."

"Hatutalaumiana, mzee," Mogaka akasema. Akalibeba kwenye begi lake mpaka Malton kwa mabasi, amelikumbatia kifuani, na abiria wakadhani amebeba mtoto.

*

Alijifunza kama anavyofanya kazi, kwa zamu. Akitoka kazini asubuhi na Lynette ameshatoka nyumbani, alijifungia bafuni, ambako majirani hawakusikia sana, akapiga. Sauti wazi zilimjia upesi. Zile za kuziba zilimtesa. Zilitoka nyembamba, zimefifia, kama mtu anayesemea nyuma ya pazia. Na Mogaka hakuvumilia sauti iliyofifia. Bendini, sauti isiyolingana na za wenzake ilimletea mtu adhabu: alikimbizwa kuzunguka uwanja na chombo juu ya kichwa. Kwa hiyo alisukuma. Pale wimbo ulipofika kwenye sauti ya kuziba, alipuliza kwa nguvu zote mpaka ikatoka kali, inalia kama bati.

Nazira aliacha kupiga, akainua mikono kwenye piano. "Bwana Mogaka. Hapa pana gwaride?"

"Nimeilinganisha."

"Nani kakwambia ilingane? Yule aliyeuandika wimbo huu alilijua baragumu. Alijua ipi itakuwa wazi na ipi itafichika. Tazama hapa. Maneno yangekuwepo, hapa ndipo mtu anasema jambo asilotaka lisikike na wote. Wewe unalipigia kelele dirishani."

"Sasa isiposikika?"

"Itasikika. Ni sebule, watu wako hatua chache."

Mogaka alitikisa kichwa kukubali, na wiki iliyofuata akarudi akasukuma vile vile. Akili ilikuwa imekubali, kifua bado. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu ambayo hakumwambia Nazira. Maisha yake yote alikuwa ndani ya sauti za watu wengine. Hapa, kwa mara ya kwanza, wimbo ulikuwa wake, na piano ndiyo iliyosema um-pa chini yake. Akaogopa kwamba akiupiga kwa upole, mtu atatoka pale na kumwuliza tena, yako ilikuwa ipi.

Ndiyo maana, siku ya kusikilizwa ilipopangwa, Jumapili moja ya Oktoba 2013 baada ya ibada, aliualika ushirika mzima. Mke wake akamwonya. "Baba Wayne, nyumba ya watu ile. Wewe unawajua watu wetu."

"Nataka wanisikie, Mama Wayne."

Lynette alimtazama kidogo, kisha akaenda kukanda unga wa mandazi.

*

Nyumba ya Nazira haikuwa kubwa. Siku hiyo waliingia humo watu wa ushirika waliotoka kanisani na nguo zao za Jumapili, na marafiki wa Bi Shamshad waliokuja na vitafunio, chevda na kachori, kwenye vyombo vya plastiki. Viatu vikajaa mlangoni. Chai ikatengenezwa mara mbili, ya tangawizi na isiyo ya tangawizi, kwa sababu makundi mawili hayakukubaliana. Mzee Feroz alipewa kiti karibu na dirisha. Mogaka alipopita kumwamkia, mzee alijibu salamu lakini macho yake yalikuwa kwenye baragumu, kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyelelewa na jirani.

Dada Jeptoo, nesi na mwenyekiti wa akina mama wa ushirika, alisimama bila kuombwa. "Kabla hatujaanza, tumshukuru Mungu, na pia tujitambulishe." Wakajitambulisha. Mmoja akaleta salamu kutoka kwa wasiokuwepo. Bi Shamshad, aliyeketi mbele, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyosikika nyumba nzima, "Hawa watu wa bara, yaani mpaka paka atajitambulisha."

Kipande cha kwanza kilikuwa cha haraka, cha kufungulia. Kikaharibika. Watu waliendelea kuongea. Hawakuwa na nia mbaya. Kwao chai na maongezi ndiyo sherehe yenyewe, na muziki ni sehemu ya furaha hiyo. Vijiko viligonga vikombe. Mtu aliuliza ni nani mwenye gari jeupe. Na Mogaka, kuona hasikilizwi, akafanya kile alichokijua. Akasukuma. Chumba kikajaa shaba. Bi Shamshad akaziba sikio moja kwa kidole. Piano ya Nazira, yenye sauti ya kukaa na watu, ikazama kabisa, ukawa unaona vidole vyake vinakimbia bila kusikia lolote.

Walipomaliza, watu wakapiga makofi kwa nguvu. Mzee Feroz aliangalia dari.

Nazira akajifanya anapanga karatasi, akainama upande wa Mogaka. "Umeona uso wake?"

"Nimeona."

"Cha pili ni kile cha taratibu. Bwana Mogaka, nakuomba. Mpigie Mama tu, aliyekaa hapa mbele. Wengine waache."

Mogaka akafuta midomo. Alijua baragumu limeshaanza kumtoka mikononi. Hapo ndipo mtu anapochoka kuogopa, maana lile aliloliogopa limekwisha kufika. Akavuta pumzi, akaanza kimya, karibu kama hayupo.

Sauti wazi zikatoka laini. Wimbo ukapanda ngazi zake, ukafika kwenye ile sauti ya kuziba iliyomshinda kwa miezi yote, na safari hii hakuisukuma. Aliufunga mkono, akaiacha ifichike. Ikatoka nyuma ya pazia. Na kumbe mwalimu alisema kweli: sauti ile ndogo ilifanya watu wasogeze shingo mbele. Aliyekuwa akiuliza habari za gari jeupe akanyamaza. Lynette akashusha kikombe. Wayne, aliyeegemea mlango akichezea simu, akainua macho.

Aliyeguswa kuliko wote ni Dada Jeptoo. Na Jeptoo, kama watu wengi wa kwao, hakuweza kuguswa akiwa amekaa. Mtu anakuimbia mpaka moyo unatetemeka, wewe unamtazama tu kama ukuta? Huko si kumdharau? Akachomoa noti ya dola ishirini kwenye pochi, moja ya zile noti za plastiki zilizokuwa zimetoka karibuni, akaja akinesa mabega, polepole, kwa mwendo wa wimbo. Alinuia kumbandika kwenye paji la uso, kama mpigaji anavyotunzwa. Lakini Mogaka alikuwa ameinama, amefumba macho, paji linatiririka jasho. Jeptoo akamzunguka. Huko nyuma, karibu na kiuno, akauona ule mdomo mpana wa shaba, umefunguka vizuri kama kapu la sadaka.

"Pokea, Baba Wayne!" akasema, akaitia noti ndani.

Kwanza Mogaka alihisi kitu kikiteleza kwenye kiganja. Kisha akasikia: zzzzz. Noti ya plastiki ilikuwa imekaa kati ya mkono na shaba, na kila pumzi ilipopita ilitetemeka kama nyigu kwenye chupa.

"Oh my God," Wayne akasema.

Mtu akacheka. Kwenye kiti cha dirishani Mzee Feroz alinyanyuka nusu.

Sasa ielewe shida yake. Sauti zilizofuata katika wimbo zilikuwa za kuziba, na bila mkono haziko. Akiziba kwa mkono, anaziba na noti, inalia zzzz. Akiacha kupiga aitoe, kipande kimekufa, na kwa uso wa mzee yule hakuna nafasi ya tatu. Lakini mwanajeshi wa bendi amefundishwa jambo moja kabla ya yote: hata kofia ikianguka, hata farasi wa mbele akifanya haja, miguu haisimami. Mogaka akaufungua mkono wote, noti ikaacha kulia, na sauti wazi zikabaki, chache, zile ambazo bomba linazo lenyewe. Kwa hizo hakuna wimbo unaopigika.

Ila kuna "pa".

Akapiga pa. Ndogo, laini, baada tu ya mkono wa kushoto wa Nazira. Kisha nyingine. Nazira akainua nyusi, akaelewa. Mkono wake wa kulia ukauchukua wimbo kutoka pale ulipoachwa, bila pengo, na ile piano ya mbao na ngozi ikaanza kuimba wimbo wa baragumu. Um, akasema kwa kidole kimoja cha chini. Pa, akajibu Mogaka.

Na hapo, katika sebule ya Don Mills, akaisikia. Uwanjani hakuwahi kuisikia mwenyewe, kwa jinsi tuba na ngoma zilivyovuma. Sasa aliisikia pa yake ikiwa peke yake chini ya wimbo wa mtu mwingine, inaushika, kama kiganja kinavyoshika kisogo cha mtoto mchanga. Wimbo ulimwegemea. Angeiondoa, ungeanguka. Akafikiri, kumbe nilikuwa nafanya hivi miaka yote ile.

Wakafika mahali ambapo piano hupiga yenyewe kwa muda. Mogaka akatoa mkono, na noti imebanwa kati ya vidole viwili. Angeweza kuiangusha sakafuni. Hakuiangusha. Alimwinamishia Jeptoo kichwa, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, kama mtu wa kwao yeyote angefanya, akarudisha mkono ndani ya baragumu na kuuchukua wimbo tena. Akaupiga mpaka mwisho, sauti wazi zikiwa wazi na zilizofichika zikifichika, wala hakusukuma hata moja.

Bi Shamshad akapiga kigelegele, cha Mombasa, kirefu, na nyumba ikalipuka.

*

Mzee Feroz alimngoja jikoni. Nazira alikuwepo, na Bi Shamshad aliyejifanya amekuja kutafuta sukari.

"Bwana Mogaka," mzee akaanza, "yule binti wa chuo alinipigia baragumu la chuoni wiki iliyopita. Hakosei. Kila sauti mahali pake. Wewe kile cha kwanza umekiua. Lakini pale ulipouachia wimbo ukakaa chini yake…" Akagonga fimbo sakafuni. "Basi. Baragumu libaki kwako."

Mogaka akafungua mdomo kushukuru.

"Kwa sharti moja. Wale watu wako wasije tena kwenye muziki huu."

"Wale nani, mzee?"

"Wale wa kanisani. Chombo cha karibu miaka mia mbili, mtu anatia vitu ndani! Leo noti. Kesho watatia kachori."

"Kachori ni zenu, mzee," Mogaka akasema, na Nazira akageuka upande kuficha uso.

"Mimi sitanii. Njooni mpige mbele ya watu wanaojua kukaa. Hilo tu."

Mogaka akaliangalia baragumu lililokuwa mkononi mwake bado, shaba ikiwa na joto la pumzi zake. Alilitaka. Alikuwa hajawahi kutaka kitu chochote cha nchi hii kama alivyolitaka lile, si nyumba wala gari. Sebuleni Jeptoo alikuwa akimsimulia mtu, "Hapa, unaona, hapa kooni ndipo iliponishika," na Wayne, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, alikuwa akimweleza mzee mmoja wa ushirika jinsi mkono unavyoziba. Wayne, kwa Kiswahili.

"Mzee," akasema hatimaye, "nimepiga muda mrefu bila kusikiwa na watu wangu. Leo wamenisikia. Yule dada amenitunza kwa sababu amenisikia. Nikiwafungia mlango, nitampigia nani? Nitakuwa kama kabati lako la kioo. Basi lichukue, na hatulaumiani."

Akaliweka ndani ya begi, akalifunga, akampa.

"Feroz bhai!" Bi Shamshad akasahau sukari. "Hebu niambie. Harusi ya dada'ako pale Mombasa, matarumbeta yalipokuja mlangoni, ni nani aliyechomeka noti kwenye tarumbeta mpaka mpigaji akakohoa?"

"Shamshad, ile ilikuwa harusi."

"Na hii ni nini? Matanga?"

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa umefurahi! Watu wanaojua kukaa, watu wanaojua kukaa… Walioimbiwa muziki huu zamani walikuwa hawanywi chai? Hawakuwa na midomo? Mwanangu Nazira anasema walikuwa wakipiga soga na kula keki."

"Walikuwa wakicheza hata karata, Mama," Nazira akasema.

Mzee Feroz alilitia begi kwapani, akawaaga kwa kichwa, akatoka kupitia sebuleni. Watu wakampisha. Jeptoo akamwambia, "Karibu tena, mzee, na wewe siku moja utupigie," naye akaitikia kitu kisichosikika.

Mlangoni viatu vilikuwa rundo. Mzee alichokoa kwa fimbo, akapata kimoja, akatafuta cha pili. Mogaka aliyemsindikiza akainama, akakivuta kutoka chini ya buti la mtu. Vilikuwa vya kamba. Mzee alijaribu kuinama na begi kwapani, ikashindikana, akajaribu tena.

"Nishikie," akasema.

Mogaka akalishika. Mzee Feroz akakaa kwenye ngazi ya chini na kufunga kamba, polepole mno, kiatu cha kulia na kisha cha kushoto, kisha akarudia cha kulia kwa kuwa fundo halikumridhisha. Nyuma yao Nazira alikuwa amerudi kwenye piano na kuanza wimbo ambao watu wa kanisa waliujua, nao wakaupokea, na marafiki wa Bi Shamshad, wasioyajua maneno, wakapiga makofi. Mzee alisikiliza, mkono ukiwa bado juu ya kamba.

Akasimama kwa kuegemea fimbo. Akalitazama begi lililokumbatiwa kifuani mwa Mogaka. Hakunyoosha mkono.

"Mwambie yule dada," akasema akifungua mlango, baridi ikaingia, "mpigaji hutunzwa kwenye paji la uso. Huko ndani pana mkono."

"Nitamwambia, mzee."

"Na mara nyingine nipeni kile kiti cha mbele. Dirishani pana upepo."